Kukodi gari Muscat kwa safari ya siku moja hadi Nizwa na Jebel Akhdar: uzoefu wangu

Mwezi wa Aprili mimi na mke wangu tulitoka Dar es Salaam kwenda Oman kwa mapumziko ya wiki moja, na siku ya Ijumaa tukakodi gari jijini Muscat ili twende Nizwa, tupande Jebel Akhdar, na kurudi usiku uleule.

La kwanza kuzingatia ni aina ya gari. Karani wa kampuni alitaka kutupa gari dogo la kawaida, akisema kwamba barabara yote ni ya lami. Lami ipo kweli, lakini pale Birkat al Mouz, mlima unapoanzia, pana kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda. Nilishikilia neno langu, tukapewa gari linalofaa, nami nikalipiga picha kila upande mbele ya karani, pamoja na mkwaruzo uliokuwa kwenye mlango wa nyuma. Siku ya kulirudisha mkwaruzo huo ulitajwa. Nikatoa simu, nikaonyesha picha, maneno yakaisha.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Usukani uko kushoto na magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo vipilefti vya mjini vilinitia wasiwasi, na mke wangu alinikumbusha kwenye kila kimoja niingie upande gani. Tukishatoka mjini, barabara kuu ya kwenda Nizwa, yenye urefu wa kilomita 160 hivi, ni pana na imenyooka vizuri, inapita bonde la Sumail kati ya milima mikavu isiyo na hata kichaka, kisha ghafla, penye maji, unaona shamba zima la mitende.

Nizwa tulifika wakati mnada wa mifugo wa Ijumaa umeshachangamka. Wenye mbuzi huwazungusha kwa kamba katika duara, na mnunuzi humsimamisha mmoja, akampapasa mgongo, akamfungua mdomo kutazama meno, kisha ndipo bei inapotajwa. Mzee mmoja aliyesikia tunavyozungumza alitugeukia akatuamkia kwa Kiswahili safi cha Unguja, alikozaliwa, akatukaribisha kahawa na haluwa. Nilimpa shikamoo kwa furaha ambayo siwezi kuieleza.

Kutoka Birkat al Mouz hadi uwanda wa Saiq, ulio kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, kipimo cha gari kilishuka kutoka nyuzi 36 hadi 23. Huko juu vijiji vimeshikamana na ukingo wa korongo, na chini yake mashamba ya ngazi ya mawaridi na komamanga hunyweshwa kwa mifereji ya mawe. Tulibahatika kufika msimu wa mawaridi. Katika nyumba moja tuliona petali zikichemshwa ndani ya tanuri la udongo, na juu ya chungu pamewekwa bakuli la shaba lenye maji baridi, ili mvuke upoe, uwe maji na kudondokea chombo cha ndani. Marashi yake yana harufu ya moshi kidogo, tofauti na yale tunayonyunyiziwa kwa mrashi harusini, na mke wangu aliyapenda zaidi.

Kuteremka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda. Weka gia ndogo tangu mwanzo na usikanyage breki mfululizo. Tulipita magari mawili yaliyosimama pembeni yakitoa harufu ya breki zilizoungua. Gari letu lilishuka kwa utulivu, na kwa hilo ninalisifu bila kusita.

Malalamiko yangu ni kuhusu mkataba. Ukomo ulikuwa kilomita 250 kwa siku, nasi tulitembea 410, hivyo tukatozwa baisa 50 kwa kila kilomita iliyozidi (baisa 1,000 ni rial moja), yaani rial 8 kwa jumla, na kipengele hicho hakuna aliyetusomea wakati wa kutia saini. Anayepanga safari hii aombe mkataba usio na ukomo wa kilomita, na achukue leseni ya kimataifa nyumbani kabla ya kusafiri. Gari ninalipatia nyota 5, na kaunta nyota 3. Amana yangu ilirudishwa yote siku ya tisa baada ya kulirudisha gari.