Nosferatu ya 1922 au ya 2024?

Huu ubishi wa ipi kali kati ya hizi filamu mbili za kutisha za mnyonya damu (vampaya) hapa Kigoma hauishi, ngoja niseme langu. Kwa bando ya 1922 inashinda, unaipata bure mtandaoni, haina maongezi ya kutafsiriwa na DJ, na kile kivuli cha vidole virefu kinachopanda ngazi mpaka leo kinanisisimua mwili. Ya 2024, ya mwongozaji Robert Eggers, ni dakika 132, sauti ya Bill Skarsgård anayecheza huyo vampaya inakoroma mpaka unaisikia kifuani, hapo kwa kutisha imeipita mbali, ila ina giza sana aisee, ukiiweka mchana kwenye banda la mabati kule Ujiji mwanga unapenya matunduni huoni kitu. Halafu ina mambo ya kikubwa, so kama watoto wapo sebuleni weka ya zamani, ukiwa mwenyewe usiku na spika nzuri weka ya Eggers.