Nyumba ya zamani: kurekebisha nyaya au kutandika upya?

Chukua nyumba ya miaka ya 1970 pale Upanga au Magomeni, Dar es Salaam: taa zinapepesa, soketi ya jikoni inanuka plastiki iliyoungua. Fundi mmoja anasema tubadilishe soketi na mainswichi tu, mwenzake anataka kung'oa nyaya zote.

Kurekebisha ni nafuu na siku moja kazi imekwisha. Kunatosha kama ganda la nyaya ni plastiki isiyokakamaa, waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) upo, na kipimo cha ukinzani wa ganda, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje, hakishuki chini ya megaohimu 1. Soketi iliyoungua mara nyingi ni skrubu imelegea, basi.

Ila zima mainswichi, fungua swichi moja utazame ndani. Ukikuta ganda la mpira linalopukutika ukiligusa, hapo hakuna mjadala: tandika upya. Vivyo hivyo soketi zisizo na ethi nyumba nzima, au waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa taa, ukibebeshwa jiko na pasi. Wapo wanaofunga breka kubwa zaidi ili isikatike ovyo. Huo ni wazimu: waya utaungua breka ikiwa imetulia.

Kutandika upya kunaumiza mfuko kwa kutindua kuta, plasta na rangi. Bomba za zamani za kupitishia nyaya ukutani zikiwa nzima, nyaya mpya huvutwa humohumo. Kwa vyovyote vile, funga kikata-umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme unapovuja, na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.