Foili ya kuakisi joto chini ya mabati: bidhaa nzuri, ufungaji ndio mtihani

Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, foili hii ya alumini ni ahueni ya haraka bila kubomoa dari. Alumini safi hutoa chini ya asilimia 10 ya mionzi ya joto ambayo uso mweusi ungetoa, kwa hiyo bati likiwaka jua, chumba hakibebeshwi mzigo wote.

Sharti lake ni hewa. Upande unaong'aa uachiwe nafasi ya milimita 25. Ukigusa bati au ubao wa dari, joto hupita kama kwenye sufuria, na pesa imekwenda. Kama unaong'aa upande mmoja tu, uelekeze chini. Ukitazama juu, vumbi huufunika na kazi inaisha polepole.

Ipigiliwe kwa stepla chini ya kenchi, vipande vipandane milimita 100, maungio yazibwe kwa utepe wa alumini, na mwanya ubaki chini ya kofia ya paa ili hewa moto itoke. Nyaya zilizochubuka zirekebishwe kwanza, maana alumini hupitisha umeme.

Foili zenye mapovu ya hewa zinazonadiwa kuwa sawa na sufi nene ya kioo (nyuzi za kioo za kuzuia joto)? Usinunue kwa ahadi hiyo. Usiku wa baridi hazisaidii sana.