BOLSIG+: programu ndogo ya kuanzia kwa wanaoiga cheche za plazma

Kwa yeyote anayesoma au kufundisha fizikia hapa Mtwara, na anayetaka kuiga kwa kompyuta namna umeme unavyopenya gesi katika mwanya mwembamba na kuigeuza plazma, yaani gesi yenye elektroni na ioni huru, naipendekeza BOLSIG+ iwe programu yake ya kwanza. Imeandikwa na Gerjan Hagelaar, mtafiti aliyeko Ufaransa, ambaye pamoja na Leanne Pitchford walichapisha maelezo ya hesabu zake mwaka 2005. Hutolewa bure, haimalizi bando, na kompyuta mpakato ya kawaida inayotumia betri wakati umeme umekatika huimudu bila shida.

Kazi yake ni kutatua mlinganyo wa Boltzmann, unaoeleza jinsi nishati inavyogawanyika miongoni mwa chembe, kwa elektroni zilizomo katika gesi. Unaipa takwimu za migongano, zinazopatikana bure katika hazina ya LXCat, pamoja na uga wa umeme uliogawanywa kwa msongamano wa gesi, nayo hukupa wastani wa nishati ya elektroni, mwendo wake na kasi ya kuzaliwa kwa ioni. Jaribu argoni na naitrojeni, zote kwa Townsend 50 (Townsend ni kipimo cha uga huo uliogawanywa kwa msongamano). Kung'oa elektroni katika atomi ya argoni huhitaji elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 15.8, na katika molekuli ya naitrojeni 15.6, hivyo mtu angetarajia matokeo yanayokaribiana. Kumbe elektroni zilizomo katika argoni huwa na wastani wa nishati zaidi ya maradufu, kwa sababu molekuli ya naitrojeni hutikisika inapogongwa, na mitikisiko hiyo huzinyonya nishati elektroni zenye elektronivolti 2 hadi 4 kabla hazijapata nguvu zaidi. Programu huonyesha kila aina ya mgongano imekula sehemu gani ya nishati, na hapo ndipo ninapoithamini kuliko popote. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, nayo imo LXCat, jambo lenye uzito kwetu majirani wa gesi ya Mnazi Bay.

Hata hivyo, BOLSIG+ haiigi cheche nzima. Matokeo yake ni malighafi ya modeli nyingine. Tena huchukulia kwamba uga ni ule ule kila mahali, ilhali karibu na kathodi (ncha hasi ya mwanya) uga hubadilika ghafla. Katika hewa ya kawaida, kanuni ya Paschen ya mwaka 1889, inayohusisha volti ya kuwasha cheche na shinikizo la gesi pamoja na upana wa mwanya, huweka volti ndogo kabisa ya kuwasha cheche kwenye takriban 330, mwanya ukiwa mikromita 7 hadi 8. Mwanya ukipungua zaidi, uga mkali huchomoa elektroni kwenye kathodi yenyewe, na kanuni hiyo haitoshi tena. Anayeshughulikia mianya ya namna hiyo atahitaji pia programu inayofuatilia mwendo wa chembe zenyewe.