Miezi minne na huduma ya ramani za viwanja kwenye simu

Nilijiunga na huduma hii, inayochora mipaka ya viwanja juu ya picha ya satelaiti, baada ya kununua kiwanja kilichopimwa wilayani Mkuranga, mkoani Pwani. Naipa nyota tatu kati ya tano, na nyota mbili nilizozuia hazihusu kasi wala bei, bali namna ramani yake inavyosomeka kwa mtu asiye mpima ardhi.

Siku ya kwanza niliingiza kodineti (namba zinazoonyesha mahali) za kona nne kama zilivyoandikwa kwenye ramani ya upimaji, na kiwanja kikajichora katikati ya mikorosho ya watu, karibu mita 300 kaskazini mwa mahali nilipokabidhiwa. Mke wangu akadhani tumetapeliwa. Kumbe ramani yangu ya upimaji ilitumia mfumo wa kodineti uitwao Arc 1960, ilhali simu husoma mfumo mwingine, WGS 84, na namba zilezile zikisomwa kwa mifumo hiyo miwili huangukia mahali pawili tofauti. Kitufe cha kuchagua mfumo kipo, ila kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio, na hakuna onyo lolote linalomfikia mtumiaji kabla hajapandwa na presha.

Aliyenifundisha zaidi ni mzee jirani yangu, aliyeomba nimwonyeshe eneo lake. Aliigeuza simu ili barabara ya kwenye kioo ielekee sawa na barabara iliyo mbele ya baraza lake, simu nayo ikaizungusha picha, akaigeuza tena, mpaka nilipozima huo mzunguko. Kisha akauliza mwembe uko wapi na njia ya kisimani iko wapi, kwa kuwa kwake yeye hivyo ndivyo vinavyoanza kuonyesha mahali. Rangi ya kijani aliidhania ni minazi yake, kumbe ufunguo wa ramani, yaani maelezo ya rangi na alama zake, unasema ni eneo la wazi lililotengwa katika mchoro wa mipango miji, na mtaa uliochorwa kwa mistari ya vipande aliutafuta kwa macho nje ya uzio, ingawa haujawahi kuchongwa.

Tatizo lilikuja kwenye mstari mwekundu wa mpaka kati ya kiwanja changu na chake. Ulipita juu ya banda lake la kuku, ukilikata kama mita moja hivi, na mzee akanyamaza kwa namna iliyonifanya nijutie kumwonyesha. "Kwa hiyo mwanangu, banda ni lako?" aliniuliza. Tulichukua tepu, tukaenda kufukua bikoni mbili, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapima, zilizofunikwa na majani, tukapima kutoka moja hadi nyingine. Urefu ulilingana na ulioandikwa kwenye ramani ya upimaji, na banda lote lilikuwa upande wake.

Picha ya satelaiti huweza kukaa pembeni kwa mita kadhaa, na hilo halinishangazi. Kinachonikera ni kwamba hata ukiikuza picha kiasi gani, mstari unabaki mwembamba kama uzi, hivyo kila anayeutazama huamini kuwa mpaka unajulikana hadi kwenye ncha ya kidole. Kwenye karatasi yenye skeli ya 1:2500, ambapo milimita moja ni mita 2.5 za ardhi, mstari wa nusu milimita hufunika mita 1.25 za ardhi, na unene huo angalau unakutia shaka kidogo. Ningependa waandike kando ya kila mpaka kiwango cha makosa kinachotarajiwa, au wauchore kama ukanda uliofifia.

Jambo wanalolifanya vizuri, na ambalo sijui kwa nini hawalitangazi, ni jedwali linalofunguka ukibonyeza upande wa kiwanja, likionyesha namba za bikoni na urefu kati yao. Mzee hakuhitaji ufafanuzi wowote wa jedwali hilo. Nilimchapishia nakala kwenye stesheneri, naye akachora mwembe wake juu yake kwa kalamu.