Saini ya shemeji imefutwa, hasira zangu bado

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota nne hawa mafundi wa kufuta saini kwenye mipira. Kweli tena. Mpira ulirudi salama, umeviringishwa vizuri ndani ya sponji, na saini niliyotaka itoke imetoka. Halafu nikapiga simu kuuliza jambo dogo tu, na yule kijana aliyepokea akaniharibia wiki nzima.

Naishi Pittsburgh, na mpira wenyewe ni wa besiboli, una saini ya Gift Ngoepe. Kwa asiyemjua, ndiye mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Ni wa Afrika Kusini, kakulia kwenye jengo la klabu ya besiboli huko Randburg kwa sababu mama yake alikuwa akifanya kazi pale. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia uwanja wa hapa kwetu na jezi ya Pirates, timu yetu, na zamu yake ya kwanza kabisa kushika gongo akaupiga mpira, akafika kituo cha kwanza. Na aliyekuwa anamrushia hakuwa mtu wa kubahatisha, ni Jon Lester wa Cubs, timu ya Chicago, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Saini niliipata mwenyewe, mkono kwa mkono, msimu ule ule. Peni ya bluu, pale ambapo mishono inakaribiana na ngozi inabaki ukanda mwembamba. Wanaokusanya mipira wanapapenda hapo kuliko kwingine kote.

Sasa, mwaka juzi au mwaka wa nyuma yake, binti yetu alipata kipaimara. Nyumba imejaa watu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kaja kutoka Ohio. Mpira uko kabatini ndani ya kiboksi chake cha plastiki. Natoka nje kugeuza nyama, narudi, namkuta kautoa, kashika peni, anatabasamu. Jina lake lote, tarehe, na pembeni kamalizia na "Mungu ni mwema". Jirani kabisa na Ngoepe.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Si wa wageni kusaini? Mbona huyu naye kasaini?"

Akaugeuza, akanionyesha upande wa pili: Rob Manfred. Jamani, ile imechapwa kiwandani! Manfred ni kamishna wa ligi tangu 2015, jina lake limo kwenye kila mpira rasmi. Lakini ukimsikiliza shemeji, hana kosa. Mpira una majina mawili, ubaya wa la tatu uko wapi?

Kabla ya kuwapelekea hawa mafundi nilijifanya mkemia. Nilichukua mpira mwingine wa bei rahisi, nikauandika kwa peni ile ile, nikaanza majaribio. Dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi inapausha wino kweli, ila polepole, unapaka leo unafuta kesho. Spiriti ndiyo balaa. Wino unayeyuka, unakimbilia kwenye vitundu vya ngozi, unafuata uzi, na dakika mbili baadaye huna jina tena, una wingu la bluu. Ngozi ya mipira hii ni ya ng'ombe, imetengenezwa kwa shabu ili iwe nyeupe, na ukiilowesha inakunywa kila kitu. (Wanapendelea ng'ombe wa Holstein, yaani ukoo mmoja na friziani wa mama yangu kule Machame. Nilipomwambia alicheka, akasema basi wanaocheza huko wanapiga ng'ombe wake.)

Nikaona bora nilipe. Dola 60 na ushee pamoja na posta, nikasubiri wiki sita au saba.

Ulipofika niliuweka chini ya taa ya dari, safi. Nikaupeleka dirishani. Mpira wangu ulishaanza kuwa na rangi ya samli, ule uzee mzuri wa ngozi nyeupe. Pale alipokuwa shemeji pamebaki baka jeupe pee, kama kiraka kipya kwenye kanzu kuukuu. Na mkia wa ile "e" ya mwisho ya Ngoepe umepauka. Haujafutika, umepauka tu, kama peni iliyokuwa inaishiwa wino.

Hilo la mkia ndilo nililopigia simu. Sikupiga kugomba. Nilitaka kujua kama utaendelea kupauka au umeishia hapo.

"Saini ya nani?"

Nikamtajia.

"Nani?"

Nikamtajia herufi moja moja. Nikasikia anabonyeza kompyuta. Kimya. Kisha akaniambia, tena kwa sauti ya mtu anayekusaidia: "Bwana, nimeangalia. Mpira wa huyu mtu haufiki hata hela uliyotulipa. Ningekuwa wewe ningenunua mwingine."

Huyu mtu!

Mimi ni dereva wa basi la shule, maneno ya kila aina nimeshayasikia, na nyuma yangu kuna watoto hamsini. Hilo limenikaa kooni hadi leo. Ungekuwa wa Babe Ruth, yule nguli wa besiboli wa zamani, angeniambia ninunue mwingine? Na ukiwaza, riziki yao yote iko hapo: mtu ana mpira wa nyota mkubwa uliosainiwa pia na wachezaji wasiojulikana, anataka hao wadogo watolewe ili mkubwa abaki peke yake, bei ipande. Kwao kila mpira una jina moja la maana, mengine ni uchafu. Wa kwangu kauangalia, kaona yote mawili ni uchafu.

Lazima niwe mkweli. Dada aliyenijibu barua pepe mwanzoni alinionya kwa maandishi kwamba ngozi inaweza kupauka, na wino uliokaa jirani unaweza kuguswa. Nilikubali. Kwa hiyo kazi yenyewe, ukinibana, ni nyota tatu. Hata tatu na nusu, maana wingu la bluu hakuna.

Ila kama wewe unataka kuuza, shika mfuko wako. Niliupeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la vitu vya namna hii, akaumulika kwa ile taa ya zambarau wanayokagulia noti. Baka likajitokeza waziwazi. Akasema mkaguzi yeyote wa saini ataliona, na ataandika kwamba mpira umeguswa.

Halafu kuna jambo lingine. Wino umetoka, mfereji wa peni haujatoka. Shemeji huandika kama mtu anayejaza fomu yenye kaboni chini. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa mpira, "Mungu ni mwema" inasomeka yote. Kwa hilo nashusha hadi mbili. Na nikimkumbuka yule kijana wa simu, moja.

Shemeji alikuja tena Novemba, sikukuu ya bata mzinga. Nikamkabidhi mpira na tochi. Akajitafuta, akajiona, akafurahi kupita kiasi. Kisha akakiweka kidole karibu na ile "e", bila kuigusa, akauliza, "Na huyu ni nani hasa?" Nikamweleza yote, Randburg, mama yake, gongo, Lester, hadi chai ikapoa. Akaurudisha mwenyewe kwenye kiboksi, akafunga kifuniko taratibu.

"Sasa shemeji, si ungesema siku ile? Ningesaini kule kwa Manfred."