Chumba cha vijana kwenye zahanati yetu Malindi: nesi mzuri sana, saa ndio zinatuumiza

Nyota 4 kati ya 5. Hio moja niliyoiondoa haimhusu nesi, nesi ningempa hata 10.

Naishi na mtoto wa dadangu, ana miaka 17, yuko fomu 3 shule ya kutwa. Mwezi uliopita nilikua nafua yunifomu yake nikakuta kwenye mfuko wa sketi karatasi ya P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba, dawa yenyewe ishamezwa. Nikakaa pale pale kando ya beseni mpaka povu likaisha. Sikumpigia kelele, manake nilijua nikifoka siku hio hataniambia kitu tena maisha. Usiku nikamuuliza taratibu, akalia, akasema ashainunua mara 3 tangu mwaka uanze, kwenye duka moja la dawa mjini, anafungiwa kwenye bahasha ya kaki anapewa, hakuna anaemuuliza chochote wala kumueleza inafanya kazi vipi. Huko shuleni wenzake wanaambiana ukimeza moja umejikinga mwezi mzima.

Kesho yake tukapanda tuktuk mpaka zahanati ya serikali. Wako na chumba cha vijana, mlango uko upande wa nyuma, hupiti mbele ya foleni ya akina mama wa watoto wachanga ambao nusu yao ni majirani zako. Wanaojua Malindi wananielewa, hapa ukikohoa Maweni mtu wa Barani anakuuliza umepoa.

Nesi ni mama wa makamo, anaongea Kiswahili na Kigiriama, anageuza kulingana na mtoto aliyeko mbele yake. Msichana akampa shikamoo, akaitika, afu akanigeukia mimi, "Mama, niachie binti yako kidogo, tukimaliza ntakuita." Nilikaa nje kwa benchi kama dakika 40 na kusema kweli iliniuma, mimi ndie mlezi, mbona natolewa. Lakini baadae nikajua kule ndani alimuuliza mambo ambayo mbele yangu asingejibiwa, mpaka akamuuliza kama kuna mtu mzima anaemlazimisha au anaempa pesa. Hilo swali mimi sikuwahi kuliwaza, na ndio nililopaswa kuliuliza la kwanza.

Nilipoitwa ndani akatueleza sote wawili. P2 ni ya dharura, unaimeza ndani ya saa 72 na ukiwahi ndio bora zaidi, inachelewesha yai kutoka, haitoi mimba iliyokwisha kushika na haikukingi siku zinazofuata. Akamuwekea mezani vidonge vya kila siku, sindano ya miezi 3, kijiti cha mkononi cha miaka 3 na cha miaka 5, na kondomu, akamwambia shika uone. Mimi nikauliza lile swali la mtaani, eti kijiti kinatembea mwilini mpaka kwenye moyo, na sindano eti inamfanya mtu asizae. Hakunicheka. Akanishikisha mkono wangu mwenyewe akanionyesha kijiti kinakaa chini ya ngozi hapa juu ya kiwiko, kikitolewa uzazi unarudi haraka, sindano ndio inaweza kuchukua miezi kadhaa mpaka mwili urudi ulivyokua, na siku zake zinaweza kuvurugika asishtuke. Afu akasisitiza mara mbili kwamba hivi vyote havizuii Ukimwi isipokua kondomu.

Mtoto akachagua sindano, kwa sababu kijiti wenzake wangekipapasa bwenini wakienda michezo ya wilaya. Akapimwa mkojo, presha na kilo, akadungwa, hatukulipa hata shilingi.

Kwa nini natetea hii huduma hivi, ni kwa sababu dadangu, mamake huyu mtoto, alienda kituo kingine zamani akiwa fomu 2, mhudumu akamuuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima "we mwanafunzi famili planing ya nini?" Akageuka akarudi nyumbani. Mwaka haukuisha akashika mimba. Binti yake nampenda kama roho yangu, lakini mamake hakurudi darasani, na sera ya kurudisha wasichana shule baada ya kujifungua ipo tangu 1994, hakuna aliyekuja kumwambia. Na sio sisi pekee, utafiti wa KDHS wa 2022, ule wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ulipata wasichana 15 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya washawahi kushika mimba. Watu wanalaumu disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye msiba, sawa, lakini disko matanga ikifungwa saa hii huyu aliyeko darasani bado anahitaji mtu wa kumuelimisha.

Sasa shida yenyewe. Chumba kinafunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 2 asubuhi, na ikifika saa 10 jioni nesi anafunga madaftari. Shule ya kutwa inatoka saa 10 na nusu. Jumamosi kufuli. Yaani chumba cha vijana, vijana wenyewe hawawezi kukifikia bila kukosa masomo, na duka la dawa la bahasha ya kaki liko wazi mpaka saa 3 usiku! Shuleni kwao hakuna nesi kabisa. Kule New York mwaka 2011 walianza kuwaruhusu manesi wa baadhi ya shule za sekondari kutoa dawa ya dharura, mzazi asiyetaka anajaza fomu ya kukataa. Sisemi tuige hivo hivo, wazazi wa hapa tuna dini zetu na tuna haki ya kuulizwa, lakini jamani huyu nesi akikaa mpaka saa 12 jioni siku mbili tu kwa wiki, au aende shuleni mara moja kwa mwezi kuongea na wasichana na wavulana pia, nani ataumia?

Mkienda, fikeni mapema na ingieni kwa mlango wa nyuma. Kadi yetu imeandikwa turudi baada ya miezi 3, imeangukia Jumanne, siku ya mtihani wa hesabu. Nimeshamuandikia mwalimu wa darasa barua ya kuomba ruhusa, nimeandika "kliniki" tu.